Kamera Itembee, Isiruke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limeleta ubishi mwingi katika Chama cha Kompyuta, na ambalo naona lawahusu walimu na wazazi pia. Jambo lenyewe ni hili: tunapotengeneza filamu ya jengo ambalo bado halijajengwa, kamera yapasa iende vipi? Wenzangu wengi husema iruke. Mimi nasema itembee, tena itembee taratibu bila kushtuka, kama mtu mzima aingiavyo nyumba ya watu.

Huenda wasomaji wengine hawajapata kuona kazi hii, basi nieleze kidogo. Huchukuliwa ramani ya jengo, na kwa vipimo vyake jengo lote hujengwa ndani ya kompyuta: kuta, milango, madirisha, paa. Sisi hutumia programu iitwayo Blender, ambayo hutolewa bure. Kisha huwekwa kamera, lakini kamera hii si chombo cha kushikwa mkononi. Ni mahali tu ambapo kompyuta huambiwa itazame kutoka hapo. Kompyuta huchora picha moja moja, nasi huchagua picha 25 kwa kila sekunde. Zikionyeshwa mfululizo, mtazamaji huona kana kwamba yeye mwenyewe anapita ndani ya nyumba ile. Wachoraji wa majengo hutumia filamu za namna hii karibu kila mahali siku hizi, na wauzaji wa nyumba katika miji mikubwa huzitumia zaidi.

Muhula uliopita, Siku ya Wazazi, tulionyesha filamu yetu ya kwanza ya bweni jipya ambalo shule yataka kulijenga na ambalo wazazi waliombwa kulisaidia. Tulitundika shuka jeupe katika ukumbi wa chakula, tukafunga madirisha kwa mablanketi, tukawasha projekta. Filamu ilikuwa ya dakika 3. Kamera ilianza juu mawinguni, ikashuka kwa kasi kama mwewe aliyeona kifaranga, ikapita juu ya baraza, ikaingia mlangoni, ikageuka ghafula kushoto, ikakimbia katika korido, ikapenya ukuta (ndiyo, ukuta!) na kutokea upande wa pili penye mabomba ya maji. Watu wakapiga makofi mengi. Sisi tukavimba vichwa.

Lakini nilikuwa nimesimama karibu na projekta, nikaona mambo mawili. La kwanza, mama mmoja aliinama akafunika uso kwa kanga mpaka filamu ikaisha; alisema kichwa kilimzunguka. La pili ni kwamba mwalimu mkuu alipouliza kama kuna swali, hapakuwa na swali hata moja. Watu waliokuwa wakiombwa fedha zao, na baadhi yao wamejenga nyumba zao wenyewe na wajua bei ya kila mfuko wa saruji, hawakuwa na la kuuliza juu ya jengo waliloonyeshwa chumba kwa chumba! Nilipokuwa nikikunja waya, bibi mmoja aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake aliniita. Nikamwamkia, naye akaniambia, "Mjukuu wangu, nyumba yenu nzuri, lakini mimi nimeiona kama niliyebebwa na upepo. Mlango uko wapi hata sasa sijui."

Maneno ya bibi yule yalinikosesha usingizi. Tulikuwa tumewaonyesha wazazi ufundi wetu; bweni hawakuliona.

Kwanza nieleze kwa nini mama yule aliumwa kichwa. Ndani ya sikio kuna vifereji vyenye majimaji, navyo huuambia ubongo kila kichwa kigeukapo. Mtu aliyeketi kitini akitazama filamu ya kukimbia, macho yake humwambia kwamba anakwenda mbio, na masikio humwambia kwamba ametulia. Mashahidi hawa wawili wakigombana, tumbo ndilo huchafuka. Wale waliojaribu kusoma kitabu ndani ya basi wayajua mambo haya, ila huko ugomvi ni kinyume: sikio lasema twenda, na jicho lililo kitabuni lasema tumekaa. Kila kamera inapogeuka kwa ghafula, ugomvi huo huzidi.

Sasa niseme kosa letu la ufundi, kwa maana halikuwa la kompyuta. Katika kazi hii hatuielezi kompyuta kila picha. Twaipa vituo tu: katika picha ya 1 kamera iwe hapa, katika picha ya 51 iwe pale, katika picha ya 101 iwe kule, nayo hujaza zilizo katikati. Sisi tulitia vituo vingi, zaidi ya 40, tukidhani kwamba vikiwa vingi ndipo mwendo utakapokuwa mzuri. Kumbe sivyo. Kutoka kituo kimoja hadi cha pili palikuwa na meta 2, na kutoka cha pili hadi cha tatu meta 6, lakini kila sehemu tuliipa picha 50, yaani sekunde 2. Basi kamera ilikwenda meta 1 kwa sekunde, mara ikawa meta 3 kwa sekunde, kisha ikapungua tena. Mtu wa kawaida hutembea kadiri ya meta 1.4 kwa sekunde akiwa njiani, na ndani ya nyumba ngeni hupunguza. Kamera yetu ilikuwa kama dereva mgeni wa gari, mguu mmoja mafuta, mguu mmoja breki.

Mwalimu wetu wa hesabu alituchorea jambo hili ubaoni, na nakiri kwamba siku ile ndipo nilipoanza kuipenda mada ya mabadiliko ya mwendo, ambayo nilikuwa nikiiona ni ya kufaulia mtihani tu. Alituambia tuchore mstari wa mahali dhidi ya wakati. Mstari wetu ulikuwa na pembe kila penye kituo. Pembe katika mstari ule maana yake ni kwamba kasi yaruka kutoka kipimo kimoja hadi kingine bila kupita katikati, na hakuna mtu wala mnyama awezaye kufanya hivyo. Wajenzi wa reli walilijua hili zamani: hawaungi njia iliyonyoka na duara la kona moja kwa moja, bali huweka kipande cha katikati kinachopinda kidogo kidogo, ili abiria wasirushwe ubavuni.

Dawa ni kufuta vituo na kuchora njia moja. Twachora mstari wa kupinda sakafuni wenye nukta chache, nane au tisa zatosha kwa bweni zima, na kamera hufungwa ifuate mstari huo kwa kasi moja, ikianza polepole na kusimama polepole. Mistari hii ya kupinda ina historia yake. Ilitungwa na mafundi wawili wa Ufaransa waliokuwa wakitafuta njia ya kuchora mabodi ya magari: Paul de Casteljau wa kiwanda cha Citroën na Pierre Bézier wa kiwanda cha Renault, mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960. Jina la Bézier ndilo lililobaki nayo. Mimi hufurahi kila nikiuvuta mstari ule na kukumbuka kwamba ulikuwa shavu la gari.

Kuna jambo la kugeuka pia. Mtu akikaribia kona, macho yake hutangulia kuingia kona kabla ya miguu. Kamera yetu ilikuwa ikifika konani, ikisimama, ndipo ikigeuka kama askari wa gwaride. Sasa twaweka shabaha isiyoonekana, itangulie kamera njiani kadiri ya meta 2, na kamera huambiwa iitazame daima. Lakini shabaha isiikaribie mno kamera, maana ikipita ubavuni kamera hujizungusha kama pia. Na kugeuka kwenyewe kusiharakishwe. Mafundi wa sinema wana kanuni yao kwamba kitu kinachoonekana ukingoni mwa picha kichukue walau sekunde 7 hivi kufika ukingo wa pili, la sivyo picha hukatika machoni. Tulipoipima filamu yetu tuliona kwamba konani tulitumia sekunde moja na nusu!

Mwenzangu mmoja, kijana hodari sana, alipokubali kwamba kamera itembee alisema basi itembee kweli: akaitia mtikisiko, ikipanda na kushuka kwa kila hatua, kwa kuwa kichwa cha mtu hupanda na kushuka atembeapo. Filamu ile ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Alikasirika, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini alisahau kwamba kichwa kitikisikapo, macho hugeuka kinyume chake kwa upesi sana, na kwa hiyo dunia huonekana imetulia. Msomaji aweza kujaribu sasa hivi. Shika gazeti hili mbele ya uso, ulitikise upesi kushoto na kulia: huwezi kusoma. Sasa ulitulize gazeti, utikise kichwa kwa upesi uleule: wasoma bila shida. Kwa hiyo kamera iliyotulia ndiyo isemayo kweli juu ya kutembea. Mmarekani mmoja, Garrett Brown, alilifahamu hili katika miaka ya 1970 alipobuni chombo cha kumvalisha mpiga picha, chenye mkono wa springi na mizani ya uzito, kiitwacho Steadicam. Katika sinema ya Rocky ya mwaka 1976 mtu apanda ngazi nyingi mbio, na kamera yamfuata bila kutikisika.

Wanaonipinga wana hoja, na si haki kuzificha. Wasema kwamba kamera ya juu yaonyesha uwanja wote: bweni liko wapi, jiko liko wapi, njia ya chooni ni ndefu kiasi gani usiku. Ni kweli. Nami nakubali iwepo picha moja ya juu mwanzoni, ya sekunde 8 au 10, iliyotulia au isogeayo kidogo tu. Wasema pia kwamba filamu ya polepole yachosha. Hapo siwafuati. Kinachochosha ni kutoona kitu. Mzazi anayeangalia chumba atakacholala mwanawe, na kupewa nafasi ya kuhesabu vitanda, hachoki.

Tena pana udanganyifu mwingine unaofuatana na kuruka, nao ni wa lenzi. Katika kompyuta twaweza kuchagua upana wa jicho la kamera. Lenzi ya milimita 18 huona nyuzi 90 kutoka ukingo hadi ukingo. Chumba cha meta 4 huonekana kama ukumbi, na mwendo wa polepole huonekana wa mbio. Tuliitumia katika filamu ya kwanza kwa kuwa ilipendeza. Sasa twatumia ya milimita 28, nayo huona nyuzi kama 65. Vyumba vimepungua machoni, na baadhi ya wenzangu walihuzunika, lakini vitanda havitaingia katika lenzi, vitaingia katika chumba.

Hata hivyo, Ndugu Mhariri, yote haya yangekuwa ubishi wa mafundi tu kama si jambo lililotokea wiki ya sita ya muhula huu, na ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Tulikuwa tukichora njia mpya ya kamera. Tuliiweka juu ya ardhi meta 1.6, ambayo ni kimo cha macho ya mtu mzima, tukaileta kutoka lango la uwanja hadi barazani. Bweni lina msingi wa sentimita 45, na mbele ya baraza ramani yaonyesha ngazi 3. Hapo kamera ilikuwa lazima ipande sentimita 45 katika hatua mbili, na kila tulivyoulainisha mstari, ama kamera ilishtuka, ama ilianza kuelea hewani kabla ya kuzifikia ngazi. Tulihangaika jioni mbili. Mwisho mmoja wetu akasema kwa mzaha, "Tungeweka njia ya mteremko badala ya ngazi, shida ingekwisha."

Katika chama chetu yumo mwenzetu atumiaye kiti cha magurudumu. Alikuwa ameketi nyuma akipanga rangi za kuta. Akasema bila kunyanyua macho, "Ishusheni kamera yenu iwe meta 1 na sentimita 15, halafu mniingize ndani."

Tukaishusha. Kamera ikafika penye ngazi ikakoma. Tukaiwekea mteremko wa kujaribia, ikapanda. Ikafika kwenye mlango wa bafu, tukaupima mlango ule: sentimita 70. Kiti chake tulikipima kwa utepe palepale, kikawa na sentimita 66 kutoka gurudumu hadi gurudumu, na mikono yake ishikayo magurudumu hatukuihesabu. Ndani ya bafu hapakuwa na mahali pa kugeukia. Hakuna aliyesema neno. Muhula uliopita kamera ileile ilikuwa imepita juu ya ngazi zile na kupenya ukuta wa bafu lile mbele ya watu wote, naye akiwa ameketi safu ya mbele, akipiga makofi pamoja nasi.

Sisemi kwamba aliyechora ramani alikuwa na nia mbaya. Nasema kwamba ramani ni karatasi, na wengi wetu hatuwezi kuona ngazi katika mistari mitatu midogo. Filamu ndiyo ingalituonyesha, lakini tuliifanya ipae.

Hesabu ya mteremko tuliifanya sisi wenyewe. Kipimo kinachotumiwa sana ni kupanda 1 kwa kila 12, kwa hiyo sentimita 45 zahitaji mteremko wa meta 5 na sentimita 40. Nafasi ipo upande wa mwembe, bila kuukata. Kuna nyumba moja mashuhuri huko Poissy, Ufaransa, iitwayo Villa Savoye, iliyojengwa kati ya 1928 na 1931 kwa michoro ya Le Corbusier na binamu yake Pierre Jeanneret, na katikati yake mna njia ya mteremko ipandayo kutoka chini hadi darini. Mchoraji yule alitaka nyumba ionekane kwa kutembea, kidogo kidogo, kila hatua ikifungua kitu kipya. Sidhani alikuwa akifikiria viti vya magurudumu, lakini wazo lake la kuipita nyumba bila kukatika ndilo hasa tulilolihitaji.

Tulimpelekea mwalimu mkuu filamu fupi ya majaribio, ya rangi ya kijivu tu, bila vivuli wala majani. Nawashauri wenzangu wa vidato vya chini daima waanze na ya kijivu, maana kuchora filamu kamili si mchezo: dakika 3 ni picha 4,500, na kwa kompyuta yetu kila picha huchukua sekunde 40, yaani saa 50 za umeme usiokatika. Na umeme hukatika. Kwa sababu hiyo twahifadhi kila picha peke yake, ili umeme ukizimika tupoteze moja tu, si zote. Tulijifunza hili kwa machozi.

Mwalimu mkuu aliitazama mara mbili. Mara ya pili aliomba isimamishwe mlangoni mwa bafu. Kisha alichukua penseli na kuchora mteremko juu ya ramani kwa mkono wake, akasema ataipeleka kwenye kamati ya ujenzi pamoja na filamu yetu, nao wataamua. Juu ya mlango wa bafu alisema kupanua mlango maana yake ni kusogeza ukuta, na kusogeza ukuta maana yake ni gharama, na hakuahidi.

Kwa hiyo kazi yetu ya sasa ni kutengeneza filamu mbili kwa njia moja. Ya kwanza itatembea kwa kimo cha meta 1.6, na ya pili kwa kimo cha meta 1 na sentimita 15, na zote mbili zitaonyeshwa Siku ya Wazazi ijayo, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa meta 1 kwa sekunde. Ya pili itakoma mlangoni mwa bafu kama mlango hautakuwa umebadilishwa, na tumekubaliana kuiacha ikome hapo kwa sekunde 10 kamili bila muziki. Namwomba mjukuu wa bibi yule, ambaye yumo Kidato cha Pili, amwambie kwamba kiti chake kitakuwa safu ya mbele.

Ni mimi,
Mwanachama wa Chama cha Kompyuta,
Kidato cha Sita